IFYE ilitangulia Peace Corps
Ndugu, umeuliza kama IFYE, ule mpango wa kubadilishana vijana wakulima, ulitokana na Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani linalotuma watu wa kujitolea nchi za nje. Hapana. IFYE ilianza 1948, Peace Corps ikaja 1961. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeisha juzijuzi tu, na watu wa 4-H, mpango wa klabu za vijana huko Marekani, waliamini kuwa vijana wa mashambani wakikaa nyumba moja na wenzao wa ng'ambo, wataelewana. Wamarekani wa kwanza kwenda Ulaya walikuwa 17. Utalii haukuwepo: unakamua ng'ombe na mwenyeji wako, unavuna naye, unakula mezani kwake. Wakirudi walizunguka wakihadhiria waliyoyaona, na kwangu hilo ndilo lililoukuza mpango. Nchi za nje ya Ulaya zilijiunga baadaye.