Mkia Umeutazama?

Mwaka wangu wa kwanza wa uzamivu nilitembea kifua mbele karibu mwezi mzima. Vifaranga vyangu vya samaki pundamilia, vya siku sita, vilikuwa vimeacha kukurupuka nikigonga kisahani. Nimeua kundi dogo la nyuroni (seli za neva) ubongoni, mbio zimekwisha. Basi nyuroni hizo ndizo zinazovikimbiza. Kwenye kikao msimamizi akauliza swali moja: "Mkia umeutazama?"

Sikuwa nimeutazama. Chini ya hadubini, misuli ya mkia iling'aa sawasawa na ubongo, na mng'ao huo huonyesha seli ambamo sumu hutengenezwa. Sumu ilikuwa imefika huko pia. Pengine vifaranga vilishtuka vizuri tu, ila havikuwa na misuli ya kukimbia nayo.

Ukianza kazi hii, ijue swichi yako kabla ya kuiwasha. Gal4 ni protini ya hamira inayowasha jeni iliyo karibu na kipande cha DNA kiitwacho UAS. Ukoo mmoja wa samaki hubeba Gal4, mwingine hubeba UAS pamoja na jeni unayoitaka, na jeni hiyo haifanyi lolote mpaka mtoto arithi vyote viwili. Mimi nilitumia nitroriduktesi, kimeng'enya kinachogeuza metronidazo (ndiyo, ile Flagyl ya tumbo) kuwa sumu ndani ya seli. Sasa, koo nyingi za Gal4, zikiwemo za maabara ya Koichi Kawakami kule Mishima, Japani, zilipatikana kwa Tol2, jeni inayoruka iliyotoka kwa samaki medaka. Ikiwa imebeba Gal4, hutua inapotua kwenye DNA ya samaki, na Gal4 huwaka kwa amri ya DNA jirani iliyoikuta. Ukoo ulioitwa "wa ubongo" unaweza kuwaka misulini, moyoni, popote.

Kwa hiyo ukipokea ukoo mpya, piga picha samaki mzima, hata kama makala iliyochapishwa ina picha ya kichwa tu. Hasa kama ina picha ya kichwa tu. Na dawa wape pia ndugu zao wasiorithi Gal4, uone kama dawa yenyewe inawadhuru.

Halafu UAS huchoka. Ile yenye marudio 14 samaki huifunga kwa kuibandika methili, alama ya kikemikali inayozima jeni, na kila kizazi nyuroni zinazowaka hupungua. Teua wazazi wenye watoto wanaong'aa kuliko wenzao; usichukue tu walio karibu na mkono.

Jaribio nililirudia kwa leza, nikichoma nyuroni zilezile ubongoni, moja baada ya nyingine. Nikagonga kisahani. Vikakurupuka vyote.