Laptopu ya VGA kwenye TV ya HDMI

Mkuu, umesema laptopu yako ina VGA tu (tundu la zamani la kutoa picha) na ule waya mtupu wa VGA kwenda HDMI (tundu la TV la picha na sauti) haukutoa picha. Hautatoa, hata ununue wa bei mbaya: VGA ni analojia, HDMI ni dijitali. Tafuta kigeuzi chenye saketi ndani, kile chenye mkia wa USB wa kuvuta umeme. Hakikisha kinatoka VGA kwenda HDMI. Cha kinyume hakitakusaidia. VGA haibebi sauti, kwa hiyo chomeka pia waya wa milimita 3.5 kutoka tundu la hedifoni hadi kwenye kigeuzi. Kisha bonyeza Windows na P, chagua "Duplicate" ili TV ionyeshe picha ileile ya laptopu. Kingo za picha zikikatika, kwenye menyu ya TV weka "Just Scan" au "Screen Fit".