Nilibadilisha paneli za sola kabla ya kuzipima

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, paneli zangu zina miaka 10 juu ya bati. Siku hizi taa zinaanza kufifia saa tatu usiku. Nimeona paneli mpya za wati 550, kubwa kama mlango. Nishushe za zamani nipandishe hizo?" Nilitaka kumjibu kwa mistari mitatu, nikajikuta naandika usiku kucha. Swali hilo nililiuliza mimi mwenyewe, na aliyenijibu alikuwa fundi.

Zangu zilikuwa 4, za wati 250 kila moja, zile za seli 60 zenye rangi ya bluu ya kumetameta. Nilizifunga mwenyewe na shemeji yangu, na kwa miaka mingi nilizionea fahari kama mtu anavyoionea fahari ng'ombe wake. Friji ilikuwa inawaka, pampu inavuta maji, wageni wakija nawatoa nje wakatazame paa. Mwaka wa 13 mambo yakaanza kulegea. Mchana wenye jua kali friji inakata. Pampu inaguna tu, maji hayapandi. Nikamwita fundi.

Fundi hakupanda hata ngazi. Alisimama uani, akaweka kiganja juu ya macho, akatazama paa, akasema: "Bosi, paneli ni kama viatu. Zimechakaa hizo, tupa." Akanicheka kidogo pia, eti bado natumia wati 250 wakati watu wako kwenye 550. Kicheko hicho ndicho kilichonimaliza. Nakiri hapa wazi: sikununua paneli mpya kwa hesabu, nilinunua kwa aibu.

Nikanunua 3 za wati 550. Habari za kusubiri mzigo na kupanga fedha naziruka, hazina utamu.

Siku ya kushusha zile kuukuu nilikuwa na mita ya kupimia umeme mkononi, nadhani kwa ajili ya kuziaga tu. Nikapima volti zikiwa hazijaunganishwa na kitu. Zote 4 zilikuwa kwenye 36 na kitu. Nzuri kabisa. Kisha nikapima ampea, yaani wingi wa umeme unaopita, mojamoja, saa sita mchana, anga safi. Ya kwanza 8.1. Ya pili 8.0. Ya tatu 8.1. Ya nne: 2.3.

Nikarudia. 2.3.

Lebo nyuma yake ilisema 8.8. Kwa hiyo 3 kati ya paneli zangu "zilizochakaa" zilikuwa zimepungukiwa na chini ya sehemu moja ya kumi baada ya miaka 13, na hivyo ndivyo paneli za silikoni zinavyozeeka: wastani ni kama nusu asilimia kwa mwaka, polepole kuliko bati lenyewe. Mgonjwa alikuwa mmoja. Nikampindua kifudifudi, nikafungua kile kiboksi cheusi cha nyuma ambamo nyaya zinatoka. Ndani palikuwa na harufu ya plastiki iliyoungua. Kiungo kimoja cha risasi kilikuwa kimeachia, kimezungukwa na unga wa kijani, na pembeni yake doa la kahawia ukubwa wa ukucha. Basi. Hicho ndicho kilichokuwa kinazima friji yangu.

Ngoja nieleze kwa nini, maana hapa wengi hudanganyika. Paneli zangu zilifungwa mbilimbili kwa mfululizo, ile mafundi wanaita sirizi, halafu jozi mbili zikaunganishwa sambamba, kila jozi na njia yake. Katika sirizi umeme hupita kama maji kwenye bomba moja: mahali penye kubana ndipo panapoamua yote yatakayopita. Yule mgonjwa alimbana mwenzake mzima, na jozi yao yote ikawa pambo la paa. Nusu ya mtambo ilikufa kwa sababu ya kiungo ambacho kingeunganishwa upya kwa risasi kwa nusu saa. Na volti hazikusema kitu! Mita ya volti haivuti umeme wa maana, kwa hiyo hata njia iliyoharibika inampitishia kile kidogo anachohitaji, naye anakuonyesha 36 safi. Ukiipa paneli hiyo kazi, volti zinaanguka. Ndiyo maana nasema, na nitasema tena: pima ampea.

Nilikaa juu ya paa nikiwa nimeishika ile paneli mapajani. Chini uani paneli mpya 3 zilikuwa zimeegemezwa ukutani, bado zina karatasi za pembeni. Kuzirudisha haikuwezekana. Nikasema potelea mbali, tuendelee.

Na hapo ndipo nikafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza.

Kontrola yangu ya chaji, kile kifaa kinachopokea umeme wa paneli na kujaza betri, ilikuwa ya MPPT (aina inayojitafutia volti ambayo paneli hutoa nguvu zaidi), na mwisho wake kupokea ni volti 150. Paneli mpya kila moja ina volti 49.8 ikiwa haina mzigo. Mara 3 ni 149.4. Nikafurahi jamani. Nikaona hesabu imekaa kama imepimwa na seremala. Nikazifunga zote 3 sirizi, nikawasha, betri zikaanza kujaa kwa kasi ambayo sijawahi kuiona. Jioni ile nilipiga picha nikamtumia shemeji. Nilimtumia na fundi pia, sitaficha.

Siku ya tatu kulipambazuka baridi, umande umelala juu ya vioo. Jua lilipotoka tu, nikasikia mlio jikoni, mkavu, kama njugu inavyopasuka. Kisha harufu. Mke wangu akaita kutoka chumbani: "Umeunguza nini tena?" Ile "tena" bado inaniuma.

Zile volti 49.8 za kwenye lebo ni za maabara, seli ikiwa nyuzi 25. Paneli ikipata joto volti hushuka, ikipata baridi hupanda, takriban robo asilimia na ushei kwa kila nyuzi moja. Asubuhi ya nyuzi 15, 149.4 inakuwa 153. Kontrola ya 150 haijadiliani na 153. Ajabu ni kwamba mchana wa jua kali, saa ambayo sisi wote tunaogopa, ndiyo salama zaidi kwa upande huo. Hatari iko alfajiri, jua linapogusa kioo cha baridi. Sikuambiwa na mtu, lakini iliandikwa. Kwenye karatasi ya vipimo vya paneli mstari huo wa joto upo. Sikuusoma kwa sababu nilikuwa najiona mjuzi.

Nikanunua kontrola nyingine, ya volti 250 safari hii, paneli zikabaki sirizi. Ningeweza kuzifunga sambamba zikabaki kwenye volti 50, ila hapo zingeleta karibu ampea 40 kwenye waya wangu wa milimita 4 za mraba, unaoshuka mbali kutoka paani. Waya huo ungekuwa jiko. Tena ukiunganisha paneli 3 kama hizo sambamba, kila moja inataka fyuzi yake, kwa sababu moja ikipata hitilafu, zile 2 zinaweza kuirudishia ampea 28 kinyumenyume, na paneli nyingi za ukubwa huo mwisho wake ni fyuzi ya 25. Sirizi ilinibakiza kwenye ampea 13. Waya wa zamani ukatosha.

Paa lenyewe lilinipa somo lake, nalipitia haraka. Paneli ya wati 550 ni mita 2.28 kwa 1.13 na kilo kama 28, kwa hiyo zile reli za zamani hazikulingana na chochote. Klampu zangu zilitengenezwa kwa fremu nene ya milimita 40, mpya ni 35, ukikaza inacheza. Usiweke kipande cha mbao katikati kama nilivyofanya kwa siku mbili. Nunua klampu zinazolingana. Na ukishafumua reli, badilisha mipira yote ya misumari, maana ya zamani imekauka, na mvua itakuonyesha tundu lilipo ukiwa umelala.

Je, mpya ni nzuri? Ni nzuri. Sitakuwa mnafiki. Zile 4 zilifunika mita za mraba 6.5 zikatoa wati 1,000 kwa lebo. Hizi 3 zinafunika 7.7 na lebo inasema 1,650. Siku za mawingu naona tofauti. Kama paa lako ni dogo na unataka kuongeza matumizi, au vioo vimepasuka, au ile plastiki ya nyuma imepauka na kuachia unga mweupe kidoleni na ina nyufa, badilisha bila kujuta, na usiipige paneli kama hiyo maji ukiwa umeishika. Ngozi yake ya kuzuia umeme imekwisha. Ila usichanganye mpya na kuukuu kwenye mstari mmoja wa sirizi. Ile ya ampea 8 itaishusha ya ampea 13 hadi 8, nawe utakuwa umenunua mlango ili uutumie kama dirisha.

Sasa mnisikilize, maana sote tunataka kitu kilekile: friji iwake hadi asubuhi na mtu asitucheke. Tatizo letu ni kwamba tunapenda kununua kuliko kuchunguza. Kununua kunaonekana. Jirani anaona. Kupima hakuonekani, unapanda paani na mita unashuka na karatasi yenye namba 4. Nani atakusifu kwa namba 4? Ndiyo maana tunazunguka na madeni ya vitu vipya huku vya zamani vimelala nyuma ya nyumba vikiwa vizima. Fundi anayekupa hukumu akiwa ameshika kiuno uani, mwambie apande. Akikataa, mlipe nauli aende.

Namna ya kupima, kwa aliyeuliza. Subiri saa sita, anga safi. Zima kwanza, breka ya paneli iwe chini. Usivute konekta ikiwa inapitisha umeme, umeme wa moja kwa moja wa volti nyingi hutoa cheche isiyozimika yenyewe. Funika paneli kwa blanketi, iunganishe na mita, halafu ndipo ufunue. Mita nyingi za kawaida mwisho wake ni ampea 10: zinafaa kwa paneli za zamani, lakini ya 550 ikipimwa hivi inatoa karibu 14 na itaua fyuzi ya mita. Tumia mita ya kubana, ile inayoushika waya kwa nje, iwe inayosoma DC, yaani umeme wa moja kwa moja kama wa paneli, si ya AC, ule wa nguzo, pekee. Futa vumbi kabla. Usilinganishe sana na lebo, kwa sababu jua la lebo ni la maabara. Linganisha paneli na wenzake, dakika zilezile. Iliyo tofauti ndiyo yenye maneno. Volti ziandike ukipenda, lakini ampea ndizo ushahidi.

Ile ya nne nilikiunganisha upya kiungo chake kwa risasi, nikafunga kiboksi kwa silikoni. Inatoa 7.9. Yeye na wenzake watatu sasa wanaendesha pampu, mchana tu, bila betri, na maji yanapanda hadi tangi limwagike.

Msomaji wangu nilimtumia maelezo haya kwa ufupi, nikamwongezea kwamba taa zinazofifia usiku huwa ni habari za betri kabla ya kuwa habari za paneli, kwa hiyo apime na betri baada ya kuchaji siku nzima. Jana amejibu. Paneli zake 4, zote zaidi ya ampea 8. Betri moja kati ya mbili ilikuwa kwenye volti 10.4 na ilikuwa ya moto upande mmoja. Amesema paneli mpya alikuwa ameshazilipia nusu.