Mama alikataa kuingia Gede

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Je, ziara ya siku moja yenye kiongozi inatosha mtu kusema ameyaona maeneo matakatifu ya Kikristo na miji ya kale ya Pwani?" Haitoshi. Ningeishia hapo, ila mwaka jana mwezi wa nane nilitembezwa ziara ya namna hiyo hapa hapa Malindi, mji nilioishi miaka 46, na tangu Jumatatu niliposoma swali lenu nakuna nazi huku nabishana nanyi peke yangu jikoni.

Tulikuwa 12 wa jumuiya yetu ya Kikatoliki ya Muyeye, na mama yangu wa kumi na tatu, mwenye miaka 76. Tulichanga elfu moja mia nane kila mtu: nissani, tiketi, maji na kiongozi, vyote ndani. Ratiba ilichapwa kwa rangi. Juu iliandikwa "Mahali Patakatifu": kanisa dogo la Wareno, Nguzo ya Vasco da Gama, na mwisho kabisa Rabai kwa akina Krapf na Rebmann, waliofungua misheni pale 1846. Chini yake "Miji ya Kale": Gede, na Mnarani ya Kilifi. Vyote kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Aliyewahi kupanda gari Malindi mpaka Mazeras, kule karibu na Rabai, atacheka. Sisi hatukucheka, tulitoa pesa.

Kuhusu Nguzo nitasema kidogo, maana padri wetu atasoma. Vasco da Gama, yule baharia Mreno, alifika hapa Aprili 1498 akitokea Mombasa, ambako hawakuelewana. Mfalme wa Malindi akampokea vizuri kwa kuwa yeye na Mombasa walikuwa hawapikiki chungu kimoja, akampa na rubani wa kumvusha hadi India. Mnisamehe, lakini hiyo ni habari ya biashara na bendera. Jiwe la ule msalaba ulio juu ya Nguzo limetoka Lisbon, sawa, na nakubali mahali penyewe panapendeza, bahari ikiligonga lile jabali kutoka pande zote. Dada mmoja alianzisha Salamu Maria pale juu, upepo ukampokonya maneno, na nyuma yetu kijana anauza madafu. Tukapiga picha, tukashuka.

Kanisa dogo ni jambo jingine. Mnalijua, lile la paa la makuti, makaburi yamelizunguka, unapita na tuktuk mara mia bila kugeuza shingo. Kiongozi wetu, kijana nadhifu aliyezoea kusema Kiitaliano kuliko Kiswahili, alituambia kwamba Mtakatifu Fransisko Ksaveri ndiye aliyelijenga. Si kweli. Fransisko alipita tu 1542, safarini kwenda Goa, akakuta Wareno wanaishi hapa tayari, na mtu mmoja wa merikebu yao akazikwa papa hapa. Tena kuna jambo zuri zaidi ambalo kijana hakulisema. Katika barua aliyoiandika baadaye, mtakatifu huyo anasimulia kwamba Mwislamu mmoja mwenye heshima wa Malindi alimuuliza kama Wakristo wa kwao wanahudhuria kanisa, kwa sababu hapa misikiti ilikuwa 17 na iliyokuwa na watu ni 3 tu, tena watu wachache. Hebu fikirini. Miaka karibu mia tano iliyopita, Mwislamu na Mkristo wamesimama Malindi wanalalamikia viti vitupu! Jumuiya nzima ingeamka. Badala yake tulihesabiwa makaburi, tukapewa dakika 12, na Mama akasali, akaomba maji.

Sasa Gede. Najua nitakaa hapa kuliko mlivyoniuliza. Kateni mnapotaka.

Tulifika saa tano kasoro. Langoni Mama aliteremka, akajifunga leso ya pili kiunoni, akasimama. Kiongozi anagawa tiketi. Mama akaipokea yake, akaigeuza, akamuuliza:

"Tumebisha hodi kwa nani?"

"Kwa karani pale, Mama. Nimeshalipa."

"Sikuuliza nani kalipwa."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka kwa sababu namjua. Mama alizaliwa ng'ambo ya msitu ule, upande wa Mida, na utotoni aliokota kuni kwenye kingo za magofu, enzi ambazo ukipitia nyuma hakuna aliyekuuliza. Babu yangu alikuwa kibarua wa kubeba mchanga kwa karai wakati wa yule Mwingereza, Kirkman, aliyeanza kuchimba pale 1948. Nyumbani babu alikuwa na sheria tatu kuhusu Gede: usiingie jua likishapita utosi, ukisikia unaitwa jina usiitike, na usitoke na kitu, hata kigae. Mama ni Mkatoliki wa misa ya alfajiri, rozari haitoki mfukoni. Sijamsikia hata siku moja akiziita zile sheria dini, wala akiziita ushirikina. Ila tangu babu afe hajakanyaga ndani ya Gede. Nililijua hilo, na bado nikamwandikisha, nikijiambia kwamba kwa wingi ule wa watu atapita tu.

Kiongozi akambembeleza. "Mama, humu hakuna kitu, ni mawe tu. Hata Wazungu wanaingia na watoto wachanga."

Mama akaenda kukaa kwenye benchi kivulini. "Nendeni," akasema, "mimi nitawangoja."

Nikaona aibu, mhariri. Aibu ya mtu mzima ambaye mama yake amemvunjia uso mbele ya mwenyekiti wa jumuiya. Mwenyekiti akaninong'oneza kwamba watamwombea. Nikamwambia asante. Ile asante inaniwasha koo mpaka leo.

Tukaingia. Siwezi kusema kijana hakujua kazi yake mle ndani. Alituonyesha kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399. Alitupitisha Msikiti Mkuu, visima, na zile nyumba zilizopewa majina kwa vitu vilivyochimbuliwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sanduku la Pembe. Wanawake wa jumuiya walipenda vyoo. Mji uliohamwa karne ya 17 na vyoo vimo ndani ya nyumba, na sisi Muyeye kuna plot watu wanapanga foleni! Alisema pia kwamba Wareno walikaa Malindi karibu karne nzima, kilomita 16 tu kutoka hapo, na katika maandishi yao Gede haitajwi. Hilo lilinishika. Wenye nguzo na kanisa hawakuliona jiji lililokuwa puani mwao.

Halafu kima mmoja akashuka kwenye mbuyu akamnyang'anya mweka hazina mfuko wa viazi karai, na katika zile kelele kiongozi akasema, "Zungukeni hapa kwenye jumba la mfalme, narudi sasa hivi," akatoweka.

Dakika kumi. Dakika ishirini. Tumekaa juu ya kuta, hakuna anayejua ukumbi ni upi na ghala ni lipi. Mtu akasema tumelipia kiongozi, tunaongozwa na kima. Nusu saa ilipopita nikarudi kumtafuta, maneno yamenijaa mdomoni nimeyapanga mpaka yale ya kudai kurudishiwa pesa.

Nikawakuta kwenye kaburi lenye tarehe. Mama amesimama, viatu mkononi. Kijana kasimama hatua mbili nyuma yake, na yeye viatu mkononi. Wanaongea Kigiriama, na sauti ya kijana si ile ya "ukitazama kushoto kwako". Anamwita Hawe, yaani nyanya. Sikujua hata kama ni Mgiriama. Tangu asubuhi hakuna aliyemuuliza ametoka wapi.

Nilikuja kuelewa baadaye ndani ya gari kwamba alipotuacha alirudi langoni, akachuchumaa mbele ya benchi, akamwambia Mama kwamba nyanya yake aliyeko Dabaso naye haingii. Kwamba yeye mwenyewe kila asubuhi kabla ya kundi la kwanza hupiga hodi kimyakimya pale mlangoni, ndipo aingie. Akamuuliza kama angependa waingie pamoja, jua bado halijafika utosini. Mama akapiga hodi yake, namna alivyofundishwa na babu, na maneno yenyewe hakuniambia. Wakaenda mpaka kwenye kaburi, na hapo Mama akasema basi, hapa ndipo baba alipokuwa akisalimu kabla ya kushika karai. Hakusogea mbele zaidi. Msikiti, jumba la mfalme, Nyumba ya Mkasi, vyote hakuviona wala hakuviuliza.

Nikamgeukia kijana. "Mbona ulituambia ni mawe tu?"

Akavaa viatu vyake taratibu. "Dada, nikiwaambia watu mambo mengine wataogopa au watacheka. Na wote hao hawatoi bakshishi."

Nusu saa ile ndiyo iliyokula Rabai. Tulipofika Kilifi na kula tayari ilikuwa saa tisa na nusu, Mnarani tukaiona tukiwa tumesimama langoni, dereva akasema akiendelea tutalala njiani. Kwa hiyo, kwa hesabu ya ratiba, tulilipia vituo vitano tukapata vitatu na robo. Mwenyekiti hajaacha kulitaja hilo katika kila kikao. Siku moja nikamweleza kwamba Kirkman mwenyewe aliandika kuwa alipoanza kazi Gede alihisi kuna kitu au mtu anamtazama kutoka nyuma ya kuta. Akasema huenda ilikuwa homa.

Nilipoanza kuandika barua hii nilitaka kusema ziara hizi zipigwe marufuku, au angalau viongozi wafanyiwe mtihani wa historia ya Kanisa. La mtihani bado nalishikilia, kumpa Fransisko Ksaveri kanisa ambalo hakulijenga si kosa dogo mbele ya Wakatoliki waliolipa. Na kuwaacha watu 12 juani ukamfuata mmoja ni kosa pia, hata kama huyo mmoja ni mama yangu. Mngekuwa mmekaa pale juu ya ukuta pamoja nasi mngesema hivyo hivyo.

Lakini nimesoma tena swali lenu na naona mimi nimekwama kwenye neno "matakatifu". Kwenye ratiba Gede haikuwa patakatifu. Iliandikwa chini, na miji ya kale, na tangu 2024 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, ambayo nayo haisemi uvue viatu. Katika siku nzima, mahali pekee ambapo mtu alivua viatu ni hapo. Kanisani tuliingia na viatu, kwenye Nguzo tuliingia na viatu na madafu. Sisemi Mama alikuwa sahihi. Mimi mwenyewe naogopa kuandika kwamba alikuwa sahihi, nina wadhifa kwenye jumuiya. Nasema tu kwamba mimi niliyezunguka kote nilitoka na picha 61, na sijui ni ipi ningemwonyesha babu.

Basi jibu ni lile lile, haitoshi. Ila mkiniuliza kama mtu aende, aende, tena na kiongozi, ilimradi awe mwenyeji wa pale na mumuulize kwao ni wapi kabla ya kufika langoni. Gede iwe asubuhi na mapema. Mgonjwa wa miguu asipelekwe. Anayetaka Rabai aipe Rabai siku yake, kwa sababu ni mbali na kwa sababu Krapf alimzika mke na mtoto Mombasa 1844, miaka miwili kabla ya kuifungua ile misheni, na habari kama hiyo haisikilizwi ukiwa umeshika saa.

Agosti tunaenda tena. Nimeshampa arubuni kijana yule yule, na nimemlipa kiasi kile kile bila kupunguziwa hata shilingi. Mama amejiandikisha wa kwanza. Nilimwomba kijana kitu kimoja tu, aitoe Mnarani kwenye ratiba ili tupate muda. Amekataa. Anasema Mnarani haitoki, ameshapatana na mama wa samaki pale Kilifi na hawezi kumwangusha.

Msomaji wenu,
Muyeye, Malindi