Mwalimu, Naomba Linki

Meseji za wiki hii zimejaa, na nusu yake zinaomba kitu kilekile mnachokijua. Wote mliouliza "programu gani nzuri ya kujifunza Kiingereza haraka", jibu lenu ni la kwanza hapa chini. Msinitumie tena.

Shikamoo mwalimu. Nina programu tisa za Kiingereza kwenye simu lakini bado siwezi kuongea. Nitajie ya kumi iliyo bora zaidi. – Kijana wa Mwanga, Kigoma mjini

Marahaba. Futa nane.

Pale Kibirizi sijamwona mtu aliyepata dagaa kwa kununua karabai nyingi. Lazima usiku mtumbwi uingie ziwani. Wewe una karabai tisa ukutani, unauliza bei ya nyingine.

Ukitaka nikuchagulie, baki na BBC Learning English. BBC wamekuwa wakifundisha Kiingereza hewani tangu 1943, na hawakuombi hata senti. Chukua kipindi chao kimoja cha "6 Minute English". Siku ya kwanza sikiliza bila kutazama maandishi, hata kama unaambulia maneno matano. Siku ya pili sikiliza huku unafuata maandishi yake, na yale usiyoyajua yatafute kwenye kamusi. Siku ya tatu sema pamoja nao, sentensi kwa sentensi, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. Watu wa nyumbani watadhani umepandwa na mashetani, wavumilie. Kipindi kimoja kwa siku tatu, si vipindi vitatu kwa siku moja.

Na upakue sauti, achana na video. Sauti ya dakika 6 ni kama MB 6 hivi. Video ya muda huohuo inaweza kula mara kumi ya hapo, halafu mnaniandikia kwamba Kiingereza ni ghali. Kilicho ghali ni bando la kutazama midomo ya mzungu.

Nimepakua Duolingo, programu ya kujifunza lugha. Ajabu ni kwamba inaniuliza maana ya "habari" na "mtoto", na napata zote! Je, nimeshafika ngazi ya juu? – Msomaji wa Uvinza

Umeingia kwa mlango wa wageni. Hilo ni somo la Kiswahili kwa wanaojua Kiingereza, lilianzishwa 2017. Hongera kwa kufaulu lugha ya mama yako.

Mwalimu, mwanangu ameingia kidato cha kwanza na haelewi chochote darasani. Jioni natumia Google kumtafsiria daftari lote. Jirani naye ananishauri nipige marufuku Kiswahili nyumbani. Je, nafanya sawa? – Mama wa Ujiji

Mama, kwanza mtoto wako si mjinga. Amesoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha Januari moja tu biolojia, jiografia na historia vyote vikageuka Kiingereza. Hata wewe na mimi tungetoa macho. Nimelisema hili mpaka nimechoka kusikia sauti yangu mwenyewe: tunapima Kiingereza cha mtoto halafu tunaandika kwamba tumepima akili yake.

Kutafsiri daftari zima, hapana. Kwanza, mtoto atasubiri kila jioni atafuniwe. Pili, mashine yenyewe inabahatisha. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika "yeye", Kiingereza kinatofautisha, kwa hiyo ukiandika "daktari amefika, anaosha mikono" mashine inalazimika kukisia kama ni "he" au "she". Hapo unaweza kucheka, lakini kwenye maelezo ya biolojia hutajua ilipokosea.

Fanya hivi. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada vya shule, na kusoma ni bure. Fungueni sura itakayofundishwa kesho na mtoto achague maneno kumi tu, yale yanayojirudia. Ayatafute kwanza kwenye kamusi ya Kiingereza na Kiswahili. Ile ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ya 1996 bado inasaidia sana, na ukiipata iliyochakaa sokoni inunue. Kisha ayaangalie kwenye kamusi ya wanaojifunza ya Oxford au ya Cambridge, zote zipo bure mtandaoni, na abonyeze alama ya spika asikie neno linavyotamkwa. Mwalimu akilitaja kesho, sikio litashtuka: hili nalijua. Mwezi mmoja wa hivyo unazidi mwaka mzima wa kutafsiriwa.

Akipata nguvu kidogo, ipo Wikipedia ya Kiingereza chepesi, yaani iliyoandikwa kwa maneno machache na sentensi fupi. Asome habari ileile kwanza kwa Kiswahili, ndipo aivuke.

Na tafadhali, usipige marufuku Kiswahili nyumbani kama alivyokushauri huyo jirani. Mtoto asiyeruhusiwa kuuliza kwa lugha anayoijua huacha kuuliza kabisa.

Nataka lafudhi ya Kimarekani ili niwe mwongoza watalii Gombe. Nitazame video za nani? – Kijana wa Mwandiga

Mtalii amevuka bahari, kisha akapanda boti, ili aone sokwe. Hakuja kusikiliza Chicago ikitokea Mwandiga. Lafudhi yako haina ubaya. Kinachokukwamisha ni vitu viwili, na hakuna kati yenu anayeniuliza juu yake.

Cha kwanza ni irabu. Kiswahili kina tano. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu kama 20. Sisi tunazikusanya zote tunazitia kwenye vikapu vyetu vitano, ndiyo maana "hat", "hut" na "heart" zinatoka kinywani mwetu zikiwa neno moja. Ukimwambia mtalii avae kofia akasikia kibanda, mtapotezana.

Cha pili ni mkazo. Sisi mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, tunalala nao na kuamka nao. Wao unahama: "photograph" unakaa mwanzoni, "photographer" unaruka hadi silabi ya pili. Watalii wako wote wana kamera, kwa hiyo anza na hayo mawili. Kila neno jipya unaloandika kwenye daftari, lipigie mstari pale penye mkazo.

Wa kumsikiliza unaye jirani. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika Gombe Julai 1960 akiwa na miaka 26, na mpaka alipofariki Oktoba 2025 alikuwa ameacha hotuba nyingi mtandaoni. Alizungumza taratibu, kila neno limesimama peke yake, na mada ni kazi yako hasa: sokwe, msitu, vijiji vya Kigoma. Ile aliyoitoa kwenye jukwaa la hotuba la TED ina maandishi yake, unaweza kufuata mstari kwa mstari. Nimewaambia vijana watatu habari hii mwaka jana. Wawili walinijibu kwamba bibi yule haongei kama wasanii.

"Presume" maana yake ni kudhani tu? – Mwongozaji, Ujiji

Hili ndilo swali la wiki. Wewe unafanya kazi mahali ambapo mwandishi wa habari Stanley anasemekana kumsalimu mmisionari Livingstone mwaka 1871 kwa neno hilohilo, "Dr. Livingstone, I presume?", halafu kamusi yako inakupa "kudhani" na inanyamaza. Fungua kamusi ya wanaojifunza, usome mifano. "Presume" ni kudhani ukiwa na sababu ya kudhani, hata kama huna hakika. "Assume" ni kuchukulia tu, bila ushahidi. Mzungu mzee aliyedhoofika, Ujiji, mwaka ule, angekuwa nani mwingine? Stanley alikuwa na sababu.

Wageni wako waongezee hili: Livingstone mwenyewe hakuyaandika maneno hayo, na kurasa za shajara ya Stanley zinazohusu kukutana kule zilichanwa. Watakupa bahshishi.

Mimi nilisoma kwa Kifaransa ng'ambo ya ziwa. Je, kinanisaidia au kinaniharibia? – Mfanyabiashara, Kigoma mjini

Kinakusaidia sana, maana maelfu ya maneno ya Kiingereza yalitoka Ufaransa. Ila yapo yanayofanana sura tu. "Library" si duka la vitabu kama "librairie" yenu, ni maktaba. "Actually" si "kwa sasa" kama "actuellement", ni "kwa kweli". Ukiona neno unalijua mno, ndilo la kulitilia shaka.

Huku Buhigwe mtandao unakuja na kuondoka. Nifanyeje? – Mwalimu wa msingi

Mwalimu mwenzangu, ukija mjini pakua Kiwix. Inakuwezesha kubeba Wikipedia, hata ile ya Kiingereza chepesi, ndani ya simu na kuisoma bila intaneti. Vitabu vya bure viko Project Gutenberg, na LibriVox wanavisoma kwa sauti. Tahadhari moja: vingi ni vya zamani, kwa sababu bure yake imetokana na haki za waandishi kwisha muda. Msomaji wangu mmoja alivimeza bila kuchanganya na kitu kingine, akaandika barua ya kuomba kazi utadhani ametumwa na Malkia Victoria.

Kuna mtu Kasulu anatoa cheti cha IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, bila mtu kuufanya. Ni halali?

Ni wizi. Chuo kinakagua matokeo yako moja kwa moja kwa wenye mtihani. Utapoteza hela, na jina pia.

Kwa nini nihangaike wakati akili mnemba inaniandikia kila kitu? – Mhitimu, Kasulu

Barua itakuandikia. Kwenye usaili utaingia nayo?

Mwalimu, naomba linki. – Hakuandika jina

Rudi juu.