Digrii si lazima

Je, lazima uwe daktari ndipo umhudumie mtu aliyezidiwa kiakili mtaani? Hapana. Mfano ni CAHOOTS, huduma ya dharura kwa watu kama hao mjini Eugene, Oregon, Marekani, iliyoanza 1989: wahudumu wake walitoka wawili wawili kwa gari, mmoja muuguzi au mhudumu wa huduma ya kwanza, mwenzake kazi yake hasa ni kuongea na mtu, na alifunzwa kazini kwa kufuatana na wazoefu. Bunduki hawakubeba. Walibeba maji, blanketi na subira ya kuketi kando ya barabara mpaka mtu apoe, na hiyo subira ndiyo ngumu kuliko cheti. Ila hawakumchukua mtu kwa nguvu. Penye silaha, polisi ndio walioitwa. Eugene huduma ilisimama Aprili 2025. Pesa, kama kawaida.