Karoli au Kizito

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Umeniuliza mjukuu wangu abatizwe kwa jina la Karoli au Kizito, kwa kuwa kazaliwa siku ya Mashahidi wa Uganda. Yote mawili mazuri. Karoli Lwanga ndiye aliyebaki kuwakinga vijana wa ikulu dhidi ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, baada ya kiongozi wao Yosefu Mukasa kuuawa mwaka 1885. Alichomwa Namugongo Juni 3, 1886, peke yake, taratibu, kuanzia miguuni. Kizito alikuwa na miaka 14 hivi. Lwanga alimbatiza kule Munyonyo, usiku wa mwisho kabla ya hukumu.

Lakini anayenijia mimi siku zote ni Mbaga Tuzinde, mmoja wa vijana hao. Mukajanga, mkuu wa wauaji, ndiye aliyemlea. Alimbembeleza akane imani, au akubali kufichwa tu. Mtoto akakataa. Basi Mukajanga akaagiza apigwe rungu shingoni kwanza, ndipo azungushiwe mkeka wa matete, asiusikie moto. Tulipokwenda hija Namugongo, mama yako akijaza dumu maji pale ziwani, mimi nilikaa chini nikimwaza mzee huyo.

Sababu unaijua. Barua ya masista kwa dada yako ilikaa wiki tatu mfukoni mwa koti langu. Nilipoitoa, wenzake walikwisha kupokelewa. Hakulia. Aliisoma, akaikunja kwa mikunjo ileile, akaniuliza kama ng'ombe wamekunywa maji. Nilijiambia namwepusha na maisha magumu. Naam, ana mume mwema na watoto watatu, na wala hajawahi kunitajia jambo hilo. Mukajanga naye alidhani anampunguzia mtoto maumivu. Hapana, nisijilinganishe naye, mimi sikumwaga damu. Ila bahasha ile iliandikwa jina lake, si langu.

Jina humtangulia mtu, nimewaambia tangu mkiwa wadogo. Ukimwita Karoli, watu watamtazamia awe mbele ya wenzake. Ukimwita Kizito, watamwona mdogo hata akiota mvi, na huenda hilo si baya. Jina humtangulia mtu, kwa hiyo msiharakishe.

Ninalo ninalolipenda, na mkono unanisukuma niliandike. Siliandiki. Mtoto ni wenu. Mpigie dada yako, umuulize yeye.

Baba yako